Mama Mkwe na Mboga za Uzioni

Msomaji wangu, kwa kawaida kurasa hizi za safari huwa zinakupeleka ufukweni au mbugani, wewe ukabaki unapiga mahesabu ya nauli na hoteli. Leo sikupeleki huko. Leo nakupeleka nyuma ya bafu la mama mkwe wangu, Lushoto, kwenye rundo la samadi. Na naomba nianze kwa kukiri kwamba kilichonifikisha pale ni aibu.

Basi bwana. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mama mkwe alikuja kwetu Mbezi, jijini Dar es Salaam, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kumi hivi baada ya kufunguliwa bandeji, Jumamosi asubuhi, nikatoka getini na khanga yangu ya kulalia kumwangalia muuza maandazi. Nikamwona mama. Yupo kwenye kiwanja cha pembeni ambacho hakijajengwa, kile kilichojaa nyasi na chupa za plastiki. Kainama, khanga moja kajifunga kiunoni, upindo wa nyingine kaufanya kapu, anachuma majani. Na jirani yangu wa geti jeusi kasimama barazani na kikombe cha chai, anaangalia kama anaangalia tamthilia.

"Shosti," akaniambia huku anacheka, "huyo mama mkwe unamlisha kweli?"

Utani tu. Lakini si unajua utani wa majirani unavyoingia mpaka kwenye mifupa? Mimi ni mhariri, nina shahada ya mawasiliano, mkate wangu unatokana na kuchagua maneno. Siku ile niliyachagua mabaya kuliko yote. Nilimfuata mama wa watu, nikamshika mkono, nikamwambia watu wakisikia: "Mama, hapa mjini hatuli majani ya jalalani. Halafu daktari alikukataza kuinama."

Hilo la daktari lilikuwa kweli. Lakini mimi na wewe tunajua si daktari aliyenitoa getini mbio.

Hakunijibu. Akatembea taratibu mpaka bombani, akakunjua upindo wa khanga, majani yote yakaanguka kwenye tope. Siku tano baadaye, alipomaliza kliniki ya mwisho, akaomba nauli ya kurudi kwake. Mume wangu hakugomba. Alinyamaza tu. Na katika ndoa zetu hizi, mwanaume akinyamaza siku tatu utatamani angegomba.

Kona za Mombo

Ilipofika mwezi wa nne, shule zimefunga kidogo, nikachukua simu nimtumie mama mkwe hela ya sukari kama kawaida yangu. Mume wangu akasema maneno matatu: "Safari hii nenda."

Nikambeba binti yetu wa miaka tisa, tukapanda basi kituo cha Magufuli, ambacho kwa sisi wa Mbezi ni pua na mdomo. Chalinze, Segera, Korogwe, hao mpaka Mombo. Pale Mombo barabara inaachana na joto la bondeni na kuanza kupanda, kilomita 33 za kona mpaka Lushoto mjini. Mara bonde liko kushoto kwako, mara liko kulia, na katikati mnapita Soni penye maporomoko ya maji. Binti yangu alitapika mara mbili, mimi moja. Ukishuka, baridi inakupokea. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakajenga kana kwamba wako kwao. Wageni wanakwenda Irente kuangalia tambarare kule chini, wengine wanatembea msitu wa Magamba. Vyote vizuri, ukipata nafasi nenda. Mimi nilikuwa tumbo joto, sikuona hata mlima.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na safari."

Mkono alinipa. Mjukuu wake alimkumbatia mpaka akamnyanyua. Usiku tukaandaliwa wali na kuku, kuku mzima kachinjwa kwa ajili yetu. Ilikuwa heshima, sikatai. Ila pale pembeni ya jiko, mwenyewe alikuwa na kisufuria chake cha majani na bonge la bada, ugali wa muhogo ule wa watu wa Tanga. Nikajikaza nikasema, "Mama, na mimi nionjeshe hicho."

"Ah, hiki chetu sisi," akajibu kwa upole, akasogeza mfuniko juu yake. "Ninyi watu wa mjini kuleni kuku."

Wali wote ule niliumeza kama nameza mchanga.

Pori liko wapi?

Alfajiri nikamwahi jikoni. "Mama, leo naomba twende wote kuchuma mboga." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba zangu nyeupe. "Vaa yale mabuti ya shamba," akasema. Basi, ndio msamaha wa kwanza huo, au nilijipa moyo tu.

Kichwani mwangu nilikuwa nimejiandaa kwa msitu. Nilishapiga picha ya miti mirefu, ukungu, nyani wakituchungulia. Tukazunguka nyumba, tukasimama hatua ishirini kutoka mlangoni, pale maji ya bafu yanapotokea. Akainama. Nikamuuliza, "Porini ndio wapi Mama?" Akasema, "Si hapa."

Na kweli, ukitaka kuijua mboga ya porini, sahau neno pori. Mimea hii mingi haipendi msitu. Inapenda udongo uliochimbwa, samadi, jivu, ukingo wa njia na mistari ya maharage iliyopaliliwa wiki mbili zilizopita. Inamfuata binadamu kama kuku. Mtafiti mmoja, Anne Fleuret, alichapisha mwaka 1979 utafiti kuhusu majani ya porini katika mlo wa watu wa Lushoto hiihii, na niliporudi kazini nikausaka. Ilinichekesha kidogo kwamba jambo nililolionea haya kwa jirani wa geti jeusi lilishaandikwa kwenye jarida la kisayansi kabla sijazaliwa.

Wa kwanza ulikuwa mchicha pori. Huu hauhitaji utangulizi, ni ndugu wa ule wa genge, ila mmoja wapo una miiba penye vikonyo na ukiuchuma kwa pupa utajua. Mama anakata ncha tu, vidole viwili na ukucha wa gumba, shina anaacha lichipue tena. "Ukiing'oa leo, kesho utakula nini?"

Wa pili mnavu. Maua yake meupe madogo kama nyota, na ukikomaa unatoa vitunda vya duara. Mama anachuma majani machanga na vichipukizi. Vile vitunda vikiwa vibichi, vya kijani, hakuna kugusa, na hapo sayansi iko upande wake: vina solanini, sumu ileile inayokuwemo kwenye kiazi kilichogeuka kijani. Binti yangu akauliza kama paka akila atakufa. Bibi yake akamwambia paka ana akili, hali.

Kisha kishona nguo. Unakijua, hata kama hukijui jina. Ni zile mbegu nyeusi nyembamba zenye meno zinazong'ang'ania suruali ukipita kwenye majani. Miaka yote nimekuwa nikizichomoa na kulaani. Kumbe majani yake machanga, kabla hayajatoa maua, ni mboga. Yana harufu kali kidogo, ndio maana hayapikwi peke yake.

Tako la hasani na ndugu yake wa uongo

Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwenye njia ya kwenda kwenye migomba kulikuwa na mmea unaotambaa chini, shina lake jekundu nene, majani manene yenye maji kama yamevimba. "Tako la hasani," mama akautaja. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi yake naye mdomo ukamcheza, lakini akajizuia. Hilo ndilo jina lake, msomaji, mimi sijalitunga. Linaliwa bichi kama kachumbari au linapikwa, lina ukakasi mtamu wa chumvichumvi, na wanaoshughulika na lishe wanalisifia kwa sababu lina mafuta ya omega 3, kitu ambacho ni nadra kwenye mboga za majani. Wenye mawe kwenye figo waende nalo taratibu, kwa sababu lina oksaleti nyingi.

Nikapata moyo. Nikajiona mtaalamu. Nikachuma fungu langu mwenyewe, nikalipeleka kwa madaha. Mama hakuliangalia hata. Alilishika, akavunja kikonyo kimoja kidogo, akanionyesha kidole. Tone jeupe.

"Hili si lenyewe. Mziwaziwa huu. Tako la hasani halina maziwa."

Yanatambaa pamoja, udongo uleule, shina jekundu lilelile. Tofauti ni kwamba jani la moja ni nene na la pili ni jembamba, na moja linatoa maji tu na la pili linatoa utomvu mweupe unaochoma. Nikaandika kwenye simu yangu: lenye maziwa, tupa. Nimeridhika. Hatua kumi mbele mama kasimama, kavunja jani refu lenye kingo za kuchanikachanika, utomvu mweupe tele, akalitia kwenye kikapu.

"Mama! Hilo si lina maziwa?"

"Huu mchunga. Mchunga lazima uwe na maziwa."

"Sasa nitajuaje?"

"Mimi nina damu nyekundu, wewe una damu nyekundu. Watu watasema sisi ni mtu mmoja?"

Nikafuta ile sentensi kwenye simu. Kitabu kikubwa cha Ruffo, Birnie na Tengnäs kuhusu mimea ya porini inayoliwa Tanzania, cha mwaka 2002, kina kurasa zaidi ya 700, kina michoro na majina ya makabila, ni hazina hasa. Lakini kitabu hakikuvunjii kikonyo ukanusa. Hili nakuambia dada yangu ili usije ukasoma ukurasa huu ukakimbilia uani na sufuria. Tafuta mtu anayeijua mboga hiyo kwa mkono, mchume naye zaidi ya mara moja. Kwenye rundo la samadi, ukiwa umechanganyika na mnavu, mama alinionyesha mmea mwingine wenye majani mapana, maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Ukiwa mchanga bila ua, ni rahisi mgeni kuuchuma akidhani mboga. Wote una sumu, jani mpaka mbegu. Akaung'oa na mizizi, akautupa mbali. Ni mmea pekee alioung'oa siku ile.

Kidogo kidogo tukafika mpakani, pale shamba lake linapopakana na la kijana mmoja anayelima nyanya za kupeleka Dar. Ukingo wote ulikuwa wa njano, majani yamekauka yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Dawa ya kuua magugu. Mama akasimama. "Hapa ndipo mchunga ulikuwa mwingi," akasema. Yule kijana akatuamkia kutoka kwenye nyanya zake, shikamoo bibi, mama akaitikia vizuri kabisa, akamuuliza hali ya mtoto. Tukapita. Shamba ni lake, na ana ada za shule za kulipa. Ila tangu apige dawa, mama hachumi tena upande ule, hata yakichipua mabichi ya kupendeza. Siku za mvua anahesabu pia maji yanatoka shamba la nani kwenda la nani.

Alichokiona dirishani

Tukakaa kwenye jiwe kupumzika. Nikagundua kitu. Kabla hajachuma jani lolote, mama alikuwa analipitishia gumba, mgongoni na tumboni, halafu analisogeza puani. Nikamuuliza kama ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

"Hapana," akasema. "Hii nimejifunza macho yalipoharibika. Miaka miwili sikuona jani. Naona kijani tu, kama moshi. Nikawa nachuma kwa vidole. Mnavu laini, kishona nguo kina vinywele, mchunga nausikia kwa maziwa. Nilikuwa naogopa kuwalisha watu kitu kibaya, kwa hiyo nachuma kidogo, nakula mwenyewe kwanza, nangoja."

Akanyamaza kidogo, anavunjavunja kijiti.

"Kule kwenu waliponifungua lile jicho, asubuhi moja nikasimama dirishani. Nikaona mchicha kwenye kile kiwanja. Nikauona na vile vidoa vyake. Kutoka dirishani! Nikasema hebu niende nione kama ndio wenyewe."

Hapo sasa, msomaji, mimi nikaishiwa maneno, na shahada yangu yote. Miezi mitano nilikuwa nimebeba picha ya mkwe anayenitia aibu mtaani. Kumbe nilichomshika mkono nikakikatiza ni mtu anayeona majani kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Nikaanza: "Mama, ile siku kule Mbezi..."

"Simama, mwanangu," akanikatisha, anajikung'uta khanga. "Mboga hii haijachambuliwa na jua limepanda."

Kwa hiyo tukachambua. Saa nzima, watatu, jani kwa jani juu ya ungo. Upishi wenyewe ni wa kuchanganya: mnavu na mchicha kwa wingi, kishona nguo kiasi, mchunga konzi moja, kwa maana uchungu unahitaji mpole wa kukaa naye. Tako la hasani tulilikatia kwenye kachumbari, na binti yangu akalitangaza kwa sauti kila mtu alipopita. Wengine wakipika mchunga wanachemsha na kumwaga maji ya kwanza. Mama hamwagi. Watu wengi wa Tanga wanaamini mchunga ni dawa ya malaria na sukari, naye anaamini, lakini vidonge vyake vya presha viko kwenye kopo la kahawa na anavimeza kila siku bila kukosa, nikaona tumekubaliana. Mwisho akamimina karanga zilizotwangwa. Ni utamu, na pia ni akili: vitamini A iliyomo kwenye majani mwili unaipokea vizuri zaidi ukila pamoja na mafuta.

Safari hii mfuniko haukusogezwa. Nikamega bada, nikachovya, nikatia mdomoni. Uchungu! Uchungu ule wa kwanza unakupiga nyuma ya ulimi, macho yakanitoka, nikatafuta maji. Mama mkwe akacheka. Miaka kumi na moja nimeolewa kwenye familia ile, sijawahi kumsikia akicheka namna ile, mpaka akashika ubavu. "Mega tena," akaniambia. Tonge la tatu uchungu ukageuka, ukaacha kitu kama utamu. La tano nikaacha kuhesabu.

Kiwanja cha pembeni

Tumerudi Mbezi. Kiwanja bado kipo, ila mwenyewe ameshamwaga lori mbili za mchanga, kwa hiyo siku zake zinahesabika. Mimi na binti yangu tunakwenda Jumamosi asubuhi. Mchicha upo, tako la hasani lipo kwenye ufa wa njia, kishona nguo ndio usiseme.

Jiji si kijijini, hilo nalo nilisema kwa uwazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zinazoota kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta madini mazito, risasi ikiwemo, ndani ya mboga zenyewe. Kuosha hakuyatoi. Kwa hiyo sisi hatuchumi kando ya mto wala mtaro, hatuchumi penye gereji wala ukingo wa barabara kubwa, hatuchumi pale takataka zilipochomwa. Hilo neno langu la jalalani, ukiliondolea dharau, lilikuwa na maana. Pembe moja ya kiwanja ndiyo tunayoiamini, ile ya juu, karibu na ukuta wetu.

Juzi jirani wa geti jeusi alitukuta, akatuangalia weee, mwishowe akasema kwao Singida mama yake alikuwa anakausha mlenda wa porini wa kula kiangazi chote. Akaniuliza kama kwenye kiwanja upo. Sikuuona.

Ila binti yangu aliona kitu kingine, jani refu lenye kingo za kuchanikachanika. Tukampigia bibi yake, simu tukaiweka sauti ya juu.

"Vunja," sauti ikatoka. "Lina maziwa?"

"Linayo bibi."

"Meupe au ya njano?"

"Meupe."

"Linanukaje?"

Mtoto akanusa, akanusa tena, akaniangalia mimi, na mimi sikujua.

"Basi liacheni hapohapo," mama akasema. "Nina kliniki ya jicho la pili mwezi ujao. Nitaliona mwenyewe."